Ulimi Uliponigomea Mbele ya Wakwe, Nikajifunza Kulala

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Wazee, shikamooni. Mimi ni Leokadia, wengi mnaniita Mama Ozana, fundi cherehani wa pale Majengo. Kwa wasionijua kwa jina, mimi ndiye yule mama ambaye watu wa Mtowisa, kule bondeni, walisema amemtukana mkwe wake hadharani siku ya mahari. Sikumtukana. Nilikuwa naumwa. Nesi Anyesi ameniomba niwaeleze ilivyokuwa, maana wengi tuliokaa kwenye mabenchi haya tuna presha, na wengine tumekuja kwa sababu tu watoto wetu wametulazimisha. Mcheke mkitaka, ila mkitoka hapa mbaki na kitu.

Kabla ya kuugua nilijiona chuma. Naamka alfajiri, nawasha moto, nakoroga uji wa ulezi, natembea kutoka Milanzi hadi Majengo, nakaa kwenye cherehani mpaka giza linaingia. Kazi iliyobaki naitia kwenye kiroba, naenda kuimalizia nyumbani. Na mnajua fundi cherehani ana ugonjwa wake mmoja, hajui kusema hapana. Mteja akiuliza, "Nije lini?", mdomo unajibu wenyewe, "Njoo kesho." Anakuja huyu, njoo kesho. Anakuja yule, njoo kesho. Sasa usiku nikijilaza, zile kesho zote nilizowaahidi watu zinakuja kunikalia kitandani.

Mume wangu, Baba Ozana, ni mkulima wa mahindi na ulezi. Yeye hana shida hizo. Kichwa chake kikigusa mto, amekwenda. Anakoroma kama mashine ya kusaga iliyokosa mafuta. Mimi niko pembeni yake nimekodoa macho juu, simu iko chini ya mto, inatetemeka. "Fundi, sare zetu vipi?" "Fundi, harusi ni Jumamosi." Nikiona usingizi umegoma, naamka, napika chai ya rangi nyeusi tii ili nipate nguvu ya kushona. Nikinywa chai usingizi unagoma zaidi. Asubuhi natoka na macho mekundu, watu wanafikiri nimetoka msibani.

Mwili ulikuwa unasema, mimi sikuusikiliza. Kisogo kilikuwa kinauma asubuhi kana kwamba kuna mtu amenifunga kamba. Miguu ilivimba hadi ndara zinaacha alama. Moyo ulikuwa unadunda nikiwa nimekaa tu. Nikasema ni uchovu, ni hii baridi yetu ya Sumbawanga. Jirani yangu mmoja akaniambia, "Mama Ozana, kuna mtu anakuja usiku anakukalia kifuani. Tafuta mtaalamu." Nikamjibu, "Kama kweli kuna mchawi anakuja usiku, mwambie anisaidie kushona mikono ya magauni, mimi nishone mapindo."

Siku ugonjwa wangu ulipojulikana, mgonjwa hakuwa mimi. Baba Ozana alikuwa analalamika kizunguzungu. Nikamwambia, "Baba, wewe umeshakuwa mtu mzima, hiyo ni presha, twende ukapime." Nikamleta hapa hapa, nikamkalisha mbele ya Nesi Anyesi, nikaanza kumweleza nesi ubishi wa mume wangu, jinsi asivyopumzika. Nesi akampima. Akasema, "Baba yuko vizuri kabisa. Hiki kizunguzungu nafikiri ni sikio, limejaa nta." Halafu akanitazama mimi. "Na wewe, mama, lete mkono."

"Mimi nimesindikiza tu," nikasema.

"Basi lete mkono wa kusindikiza."

Maisha yangu yote mimi ndiye ninayepima watu mikono. Siku hiyo nikapimwa wangu. Kile kitambaa kikajaa upepo, kikabana, kikaachia. Nesi akaangalia. Akapima tena. Akaniambia nikae kimya kidogo, nisiongee. Hilo tu lilikuwa adhabu. Akapima mara ya tatu, kisha akaita daktari. Namba ya juu ilikuwa inakaribia mia mbili.

Daktari alikuwa kijana, umri wa kifungua mimba wangu. Akanisalimia vizuri, shikamoo mama, kisha akaanza maswali. Unakula chumvi kiasi gani? Chumvi ya kawaida, nikasema, na Baba Ozana akakohoa kwa nguvu. Unafanya kazi gani? Unalala saa ngapi?

"Inategemea," nikasema.

"Inategemea nini?"

"Nani anaolewa wiki hiyo."

Hakucheka. Akanipa dawa. Akaniambia presha kwa watu wengi haionyeshi dalili yoyote, na mwili wangu ulikuwa na huruma kunipa hata zile dalili chache. Akasema mtu asiyelala vizuri mwaka hadi mwaka anaipa presha nafasi ya kupanda, kwa hiyo nianze kulala mapema. Mimi nikasikia maneno ya dawa. Ya kulala nikayaacha pale pale kwenye kiti. Nilijiambia, kulala si ugonjwa, kwa hiyo hakuwezi kuwa dawa.

Tulipotoka nje, Baba Ozana alikuwa mtu wa furaha kupita kiasi. Kila tuliyekutana naye njiani alimwambia, "Mimi mzima. Mgonjwa ni mama." Hata ambao hawakuuliza.

Nikameza dawa, nikajisikia vizuri. Kichwa kikatulia, miguu ikapungua. Sasa hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka. Dawa zilipoisha nikasema nitaenda kuchukua nyingine wiki ijayo. Wiki hiyo ikafuatwa na nyingine. Na kipindi hicho binti yangu Ozana alikuwa amepata mchumba, kijana wa Mtowisa, anaitwa Krisostomo. Kijana mzuri, mpole, analima mpunga kule bondeni na ana gari lake dogo la kubebea mizigo. Ukoo wake ukatuma habari kwamba wanapanda kuleta mahari.

Mnafikiri mama wa binti, tena fundi, angelala? Nilisema wanawake wote wa ukoo wetu wavae sare. Nikashona sare za mashangazi, za mama wadogo, za dada wa jumuiya. Vitenge havikuisha mezani kwangu kwa siku nyingi. Usiku wa kuamkia siku yenyewe sikulala hata lepe. Nilikuwa natia vifungo huku nakunywa chai ya rangi, na kila nikitazama taa naziona mbili.

Wageni wakafika. Watu wa Mtowisa wamezoea joto la bonde la Rukwa, na huku juu ilikuwa kipupwe. Walishuka kwenye gari wamevaa masweta juu ya masweta, mshenga wao amejifunga kitaulo shingoni, meno yanagongana. Mama yake Krisostomo, Bi Savera, mjane, mwanamke mrefu mwenye heshima zake, alikuwa amejifunika blanketi kabisa. Tukawakaribisha karibu na jiko la mkaa. Mambo yakaenda vizuri. Mshenga akaongea, wazee wakakubaliana, watu wakapiga vigelegele. Kisha mshereheshaji akasema, "Sasa tumsikie mama mzazi. Mama atuambie, kijana amempokea?"

Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa sentensi moja tu, fupi: Tumempokea Krisostomo awe mtoto wetu. Niliifanyia mazoezi nikitia vifungo. Nikafungua mdomo. Kichwani sentensi iko sawa, imenyooka kabisa. Ila ulimi ulikuwa mzito kama umelowekwa. Nikasikia sauti yangu inasema:

"Hatu... potoa... Kitimoto."

Watu wakatazamana. Nikajaribu tena, kwa nguvu zaidi, ili waelewe.

"Kitimoto! Hatu... taki... Kitimoto!"

Ndugu zangu, mnajua kitimoto ni nini. Upande wetu wakaanza kucheka, wakifikiri ni utani wa mama mkwe. Dada mmoja aliyekuwa anasimamia chakula akapaza sauti kutoka nyuma, "Mama, kitimoto haipo! Tumepika mbuzi na kuku!" Upande wa Mtowisa hawakucheka. Baba mdogo wa Krisostomo akasimama, akavua sweta moja kwa hasira. Akasema, "Tumepanda mlima, tumepigwa na baridi, tumeleta mahari, kijana wetu anaitwa nguruwe?" Nikataka kumwambia, hapana baba, sikusema hivyo. Nikasema kitu ambacho hadi leo hakuna aliyeniambia kilikuwa nini. Wamekataa kurudia.

Kikombe cha chai kikaniponyoka mkono wa kulia. Nikauangalia ule mkono kama wa mtu mwingine.

Baba Ozana ndiye aliyeona. Alikuja mbele yangu, akanitazama usoni, akasema taratibu, "Mama Ozana, cheka." Nikacheka. Upande mmoja wa mdomo ukacheka, mwingine ukabaki umeshuka, na mate yakawa yanatoka pembeni nami sijui. Akageuka, akapiga kelele ambayo sijawahi kumsikia akipiga: "Hajatukana! Mke wangu anapata kiharusi! Gari! Nani ana gari hapa?"

Gari lililokuwa mlangoni lilikuwa la Krisostomo. Yule niliyemwita kitimoto mbele ya ukoo wake wote ndiye aliyenibeba mikononi. Bi Savera akaingia nyuma nami, akalaza kichwa changu kwenye mapaja yake, akanifunika blanketi lake. Kijana akaendesha. Mimi njiani nilijaribu kumshukuru. Kila nikijaribu linatoka lile lile. "Kitimoto... Kitimoto..." Bi Savera akaniinamia, akasema, "Nyamaza, mkwe wangu. Ameshasikia. Atakusamehe ukipona."

Hapo sikucheka. Nilikuwa nalia kwa jicho moja. Nilifikiria mkono wangu wa kulia. Fundi bila mkono wa kulia ni nani? Nilifikiria Ozana ameketi kule na sare yake mpya, hajui ameolewa au ameachwa kabla ya kuolewa.

Hospitali walinipokea haraka. Wakanipima hiki na kile, presha ilikuwa juu kuliko ile ya kwanza. Daktari yule yule kijana akaja. Alinishikisha kalamu, ikaanguka. Akaniambia ninyanyue mikono yote miwili, wa kulia ukashuka wenyewe. Sikuweza kusema, nikamwangalia tu. Baba Ozana akamuuliza kama nitapona. Akajibu, "Mmefanya vizuri kumleta mara moja. Tusubiri." Neno tusubiri ni refu sana ukiwa umelala chali.

Kufikia jioni ulimi ukaanza kulegea. Neno langu la kwanza safi, Baba Ozana hukumbusha watu kila mara, halikuwa jina lake wala la mtoto. Nilisema, "Vifungo." Nilikuwa nimekumbuka sare ya shangazi mmoja haikuwa na vifungo nyuma.

Daktari akaniambia damu ilikatika kwa muda kwenye mshipa wa ubongo, kisha ikapita. "Mama, kiharusi kimekubishia hodi kikaondoka. Kikirudi, si lazima kibishe." Mkono ukarudi polepole. Nilikaa wodini siku kadhaa. Siku moja nikamwambia Ozana aniletee sindano na uzi. Nikajaribu kutunga uzi, ukapita pembeni. Nikajaribu tena, ukapita pembeni. Wodi nzima ilikuwa inaniangalia, hata mama wa kitanda cha pili aliyekuwa na mguu juu. Kesho yake asubuhi, baada ya kulala usiku mzima kwa mara ya kwanza sijui tangu lini, nikatunga. Uzi ukaingia. Wodi ikalipuka kwa kelele, manesi wakaja mbio wakidhani mtu amefariki.

Nilipokaribia kuruhusiwa, daktari alinikalisha na Baba Ozana. Dawa kila siku, saa ile ile, hata ukijisikia kucheza ngoma. Chumvi, punguza. Dagaa wa chumvi, waage. Na usingizi.

"Na usingizi nao mnauandika?" nikauliza.

"Huu wako nauandika," akasema.

Akaeleza. Nilale saa ile ile kila siku na kuamka saa ile ile, hata Jumapili. Chai ya rangi na kahawa, mwisho mchana. Nisile chakula kizito halafu nikalala hapo hapo. Simu na kazi zisiingie chumbani. Chumba kiwe na giza na utulivu. Nesi Anyesi akanifundisha kupumua. "Vuta hewa kwa pua taratibu, mama, kama unanusa maharage jikoni kujua kama yameiva. Itoe kwa mdomo polepole zaidi, kama unapuliza uji wa mtoto. Rudia mpaka mabega yashuke."

Sasa niwaeleze kuhusu Baba Ozana. Ujanani alipitia mafunzo ya mgambo, na tangu hapo hakuwahi kupata mtu wa kumwamuru. Siku ile akampata. Tulipofika nyumbani akatangaza amri. Cherehani ya nyumbani akaipeleka kwa dada yake. Simu, jua likishazama, akaitia kwenye sufuria kubwa jikoni na kufunika, na juu ya mfuniko akaweka jiwe. Jioni akawa anachemsha maji, ananiwekea miguu kwenye beseni, maana mtu mwenye miguu ya baridi Sumbawanga hapati usingizi. Ikifika saa tatu anasema, "Kulala!" Hata mbwa wetu alikuwa analala chini.

Usiku wa kwanza nilijilaza, nikaanza kunusa maharage na kupuliza uji. Nikahisi mwili unalegea. Mara mwanga mkali usoni. Baba Ozana amenimulika na tochi.

"Umelala?"

"Nilikuwa karibu."

"Haya, endelea."

Akazima. Baada ya muda akawasha tena. Nilimwambia akinimulika mara ya tatu presha itapanda na mimi nitapanda nayo. Basi akaweka tochi chini, akasema tupumue pamoja ili anisaidie. Tukapumua. Alinusa maharage mara chache tu, akalala fofofo, mashine ya kusaga ikaanza. Mimi nikabaki napuliza uji peke yangu.

Ikawa hivyo kila siku. Mwishoni tukakubaliana kwa amani kabisa yeye ahamie sebuleni mpaka nipate nguvu. Lakini Milanzi hakuna siri. Jirani akaona godoro linaanikwa dirisha la sebuleni. Jumapili mchana, mwenyekiti wa jumuiya na akina mama wawili wakabisha hodi, nyuso za huzuni, wakakaa bila kugusa chai. Mwenyekiti akasafisha koo.

"Baba, mama, ndoa ni kuvumiliana. Tumesikia mnalala mbalimbali."

"Ni kweli," Baba Ozana akasema. "Nimefukuzwa kwa sababu ya kelele."

"Kelele za ugomvi?"

"Kelele za pua."

Mama mmoja akaangua kicheko mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba na wa kwake ni hivyo hivyo, angependa kujua tutafanyaje. Nikaenda kumuuliza Nesi Anyesi. Akaniambia mtu anayekoroma huku pumzi inakatika na kurudi kwa kushtuka aletwe apimwe. Baba Ozana alipimwa, akaonekana hana tatizo hilo, ila anakoroma akilala chali. Basi nikarudi kwenye ufundi wangu. Nikachukua fulana yake ya kulalia, nikaishonea mfuko mgongoni, katikati ya mabega, nikatia mpira wa matambara. Akigeuka chali mpira unamsukuma, anarudi ubavu mwenyewe bila kuamka. Akarudi chumbani. Ndoa ikapona, na mpaka sasa nimewashonea wanaume kadhaa wa Sumbawanga fulana hizo. Majina yao siwatajii, ingawa mmoja yuko hapa.

Lakini bado zile kesho zilikuwa zinanijia. Hilo halikuwa la kushona. Ilibidi nijifunze kusema kweli. Mteja wa kwanza alipokuja baada ya mimi kurudi kazini akauliza, "Fundi, nije lini?" Mdomo ukataka kusema kesho. Nikaubana. Nikasema, "Alhamisi ya wiki ijayo." Akanitazama kwa wasiwasi.

"Fundi, bado unaumwa?"

"Kwa nini?"

"Maana umenipa siku ya kweli."

Baadhi walikwenda kwa mafundi wengine. Wengi walirudi, kwa sababu huko waliambiwa njoo kesho. Na jioni, tukiwa tunaota moto kabla ya kula, nikaanza kumwambia Baba Ozana kila kinachonisumbua, kwa sauti. Kitambaa cha fulani hakitoshi. Ada ya mdogo wake Ozana. Mbolea. Yeye kila nikitaja kimoja anajibu, "Tumekisikia. Kesho." Hana jibu lingine. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nikaona nikilala hakuna kinachonifuata, kwa kuwa vyote nimeviacha pale motoni kwa mtu mwingine. Usingizi ukaja. Haukuja siku moja. Ulikuja kama mgeni mwenye aibu, leo unachungulia, kesho unaingia, keshokutwa unakaa.

Niliporudi kliniki Nesi Anyesi akanipima, akatikisa ile mashine. Akapima tena. Presha ilikuwa imeshuka vizuri. Nikamuuliza kwa furaha, "Basi niache dawa, nilale tu?" Akavua miwani. "Mama, ukiacha dawa hizi tutakutana tena kwenye gari la mkweo." Nikaelewa. Sindano bila uzi inatoboa tu, na uzi bila sindano hauendi popote. Nameza dawa na nalala.

Sasa ikabaki Mtowisa. Krisostomo na mama yake walijua nilikuwa naumwa, lakini kule bondeni habari ilishafika na ilishaongezwa chumvi niliyokatazwa mimi. Wengine walisema nimemlaani. Daktari aliponiruhusu kusafiri, tukateremka mlima na Ozana na Baba Ozana. Joto la kule! Mimi ndiye niliyekuwa navua masweta sasa. Wazee wakaketi wale wale, na baba mdogo yule yule, amekunja mikono. Nikasimama. Nilimwona Ozana amefumba macho. Nikavuta hewa kwa pua, nikaitoa polepole, nikasema:

"Tumempokea Krisostomo awe mtoto wetu."

Baba mdogo akasema, "Rudia jina tu."

"Krisostomo."

"Tena."

"Krisostomo! Krisostomo! Nikuandikie?"

Akacheka yeye wa kwanza, na watu wote pale uani wakafuata. Ozana akaja akaniangukia shingoni, tukalia wote, safari hii mimi kwa macho mawili.

Sherehe ikaanza. Ngoma, muziki, wali wa kule unaonukia mpaka barabarani. Ilipofika saa tatu Baba Ozana akasimama katikati ya watu, akakohoa kimgambo, akatangaza, "Samahanini wakwe. Mama Ozana analala." Nilitamani ardhi ipasuke. Watu wakaguna. Ndipo Bi Savera akainuka naye, akasema, "Na mimi nakwenda naye," akanishika mkono.

Tukajilaza chumbani kwake chini ya chandarua, muziki unadunda nje. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mkwe wangu, tangu mume wangu afariki sijui kulala. Na kisogo changu asubuhi kinauma kama ulivyosema chako." Nikamwambia asubuhi twende akapime. Nikaanza kumfundisha. Vuta kwa pua, nusa maharage. Sasa puliza uji. Nikamuuliza, "Umeelewa?" Hakujibu. Alikuwa ameshalala, blanketi limemwanguka begani. Nikamfunika. Nje walikuwa bado wanacheza, mimi nikafumba macho, na sikusikia wimbo uliofuata.

Alipopimwa, alikuwa na presha. Anatumia dawa sasa. Yuko pale kwenye benchi la mbele, msimkodolee.

Namshukuru Mungu aliyenirudishia ulimi na mkono. Namshukuru Nesi Anyesi na daktari. Namshukuru Krisostomo, aliyeendesha gari wakati ana kila sababu ya kununa. Namshukuru Baba Ozana, ingawa tochi bado nimeificha.

Na ninyi nawaomba. Mkiona mtu mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno yanakorogeka, msibishane amesema nini, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Dawa msiache kwa kuwa mmejisikia vizuri, mmejisikia vizuri kwa kuwa mmezimeza. Na mlale. Kazi haiishi, hata mabibi zetu waliiacha. Gauni likikaa mpaka asubuhi bila pindo haliugui. Mtu ndiye anayeugua.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nesi, endelea na vipimo, na ukiweza anza na yule mzee aliyejificha nyuma ya nguzo. Nimemwona muda wote.